Ribosomu zimekwama kweli? Kutafuta chanzo cha vilele kwenye data ya seli zilizo kwenye mkazo

Seli ikipigwa na joto kali, ikinyimwa asidi amino au ikimwagiwa kemikali ya kuunguza, usanisi wa protini, kazi ya mashine ndogo za seli ziitwazo ribosomu, hutikisika mapema sana. Ribosomu nyingine haziingii kazini kabisa, nyingine hupunguza mwendo, na nyingine hukwama katikati ya mRNA (RNA mjumbe, uzi wenye maelekezo ya kutengeneza protini), mbele haziendi na nyuma hazirudi. Tangu 2009, Ingolia, Weissman na wenzao walipoonyesha kwenye hamira kwamba vipande vya mRNA vinavyokingwa na ribosomu vinaweza kukusanywa na kusomwa kwa mamilioni, tumeweza kuona ribosomu ziliposimama, kodoni kwa kodoni, yaani kwa kila herufi tatu zinazotaja asidi amino moja. Vipande hivyo hapa nitaviita nyayo. Nyayo zikirundikana mahali, grafu huchora kilele, na ni rahisi sana kuandika chini yake: hapa ribosomu imekwama.

Lakini wingi wa nyayo kwenye kodoni ni zao la mambo mawili: ribosomu ngapi hupita hapo kwa sekunde, na kila moja hukaa hapo kwa muda gani. Mkazo hubadilisha yote mawili kwa mpigo. Hubadilisha pia RNA nyingine zinazoingia kwenye maktaba (mkusanyiko wa vipande vilivyoandaliwa kusomwa), na wakati mwingine hata jinsi dawa ya kusimamisha ribosomu inavyofanya kazi. Kwa hiyo kila dalili hapa chini naichukulia kwa swali lilelile: ni muda wa kukaa ulioongezeka, au ni kitu kingine kilichovaa sura yake? Nimeanza na makosa yanayoharibu kila kitu kinachofuata.

Dalili: mdundo wa herufi tatu umefifia kwenye sampuli ya mkazo

Ribosomu husonga nukleotidi tatu kwa hatua, kwa hiyo nyayo nzuri huangukia zaidi kwenye fremu moja kati ya tatu. Ukiona sampuli linganishi ina mdundo safi na ile ya mkazo haina, usiendelee na uchambuzi wa kodoni. Tafuta chanzo kwanza.

Chanzo cha kawaida ni kutumia kipimo kimoja, yaani umbali kutoka ncha ya unyayo hadi kodoni inayosomwa, kwa nyayo zote. Kwenye hamira, ncha ya 5′ ya unyayo wa nukleotidi 28 huwa nukleotidi 12 kabla ya kodoni iliyo kwenye tovuti ya P (mahali ilipo tRNA, RNA inayobeba asidi amino, iliyoshika mnyororo wa protini), na 15 kabla ya ile iliyo kwenye tovuti ya A (mahali tRNA mpya inapoingia). Unyayo wa urefu mwingine unaweza kuhitaji kipimo kingine. Tenga nyayo kwa urefu, kisha kwa kila urefu chora wingi wa ncha za 5′ kuzunguka kodoni ya kuanzia, AUG. Kilele kikubwa kabla ya AUG kinakupa kipimo cha urefu huo. Fanya hivyo kwa kila sampuli peke yake, kwa sababu kimeng'enya RNase I, kinachokata mRNA isiyokingwa, hakili kwa kiwango kilekile kwenye kila chupa, na seli zilizopigwa na mkazo mara nyingi hutoa sharubati (maji ya seli zilizovunjwa) yenye ribosomu chache kwa kiasi kilekile cha kimeng'enya.

Ukikosea kwa nukleotidi tatu, mdundo utabaki mzuri lakini kila hitimisho kuhusu kodoni litahama hatua moja. Kukwama kwa histidini kutaonekana kama kukwama kwa kodoni jirani yake. Ndiyo maana napenda kuwa na sampuli ya uthibitisho: hamira iliyopewa 3-aminotriazoli, dawa inayozuia utengenezaji wa histidini. Kodoni za CAC na CAU zinapaswa kusimama wima kwenye tovuti ya A. Zikisimama kwenye P, kipimo chako kimeteleza.

Kuna pia kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA, ambacho huongeza nukleotidi isiyo ya asili mwishoni mwa kazi yake, na hiyo huja kuonekana mwanzoni mwa kipande kilichosomwa. Hesabu makosa ya ulinganisho kwenye nafasi ya kwanza. Yakiwa mengi kuliko kwenye nafasi ya tano au ya sita, kata herufi hiyo kwa vipande vyenye kosa hilo tu, si kwa vyote.

Dalili: kilele kirefu mno kwenye jeni chache

Fungua rundo lenyewe la vipande kwenye kitazamio cha jenomu, usiridhike na grafu. Ribosomu iliyokwama kweli huacha nyayo za urefu tofautitofauti kidogo: nyingine 27, nyingine 28, nyingine 30, ncha zikipishana nukleotidi moja au mbili, ila zote zikielekeza kwenye kodoni moja ukishatumia kipimo cha kila urefu. Rundo lenye vipande elfu vinavyoanzia na kuishia mahali palepale, vyote vya urefu mmoja, lina dalili ya kitu kingine.

Kitu hicho huenda ni nakala za PCR, mbinu ya kuzidisha DNA kabla ya kuisoma. Ikiwa adapta zako (vipande vifupi vinavyounganishwa kwenye ncha za nyayo) zilikuwa na herufi za nasibu, ondoa nakala kwa kutumia herufi hizo. Kama hazikuwa nazo, usiondoe vipande kwa kufanana tu, maana nyayo ni fupi na mbili halisi zinaweza kufanana kabisa. Utakuwa unakata vilele vya kweli.

Au ni RNA isiyo mjumbe. Hapa mkazo una hila yake maalumu: kwenye seli za mamalia, kimeng'enya angiojenini hukata tRNA katikati wakati wa mkazo wa oksidisho, na vipande vinavyotoka vina nukleotidi 30 hadi 40. Baadhi huangukia ndani kabisa ya kiwango cha ukubwa unachokikata kwenye jeli ya kutenganisha vipande kwa ukubwa. Sampuli linganishi haina vipande hivyo kwa wingi, ile ya mkazo inavyo, na tofauti kati yao inaonekana kama jibu la kibiolojia. Linganisha vipande vyote na mfuatano wa rRNA (RNA ya ribosomu yenyewe) na tRNA kwanza, vinavyokubali viweke kando, kisha ndipo uende kwenye jeni. Tumia orodha kamili ya tRNA, ukikumbuka kuwa tRNA iliyokomaa huishia na CCA ambayo haimo kwenye jenomu.

Vipande vinavyokubali mahali pengi navyo vinadanganya. Jeni za protini za ribosomu zina mapacha kwenye hamira na nakala mfu nyingi kwa binadamu. Programu ikigawa vipande hivyo kwa bahati nasibu, kilele cha jeni moja kitatapakaa kwenye jeni ambazo hata hazisomwi. Ukivitupa vyote, utaacha mashimo yatakayofanya kingo zake zionekane kama vilele. Njia ninayoiamini ni kutengeneza ramani ya nafasi zinazoweza kutambulika kipekee kwa urefu wa nyayo zako, na kuziondoa nafasi nyingine kwenye hesabu ya wastani na ya kilele pia.

Dalili: nyayo zimejaa kwenye kodoni za mwanzo, hasa baada ya mkazo

Swali la kwanza: sikloheksimidi ilitiwa lini? Dawa hii husimamisha ribosomu zinazosonga lakini haizuii mpya kuanza kwa kasi ileile. Ikitiwa kwenye seli hai, kuna muda mfupi ambapo ribosomu mpya zinaendelea kupanda huku zile za mbele zimeanza kugandishwa, na mwanzo wa jeni unajaa. Mwaka 2014 Gerashchenko na Gladyshev walionyesha kwenye hamira kwamba mrundikano uliokuwa umehusishwa na mkazo ulibadilika kulingana na kipimo cha dawa. Mwaka uliofuata Hussmann na wenzake wakaonyesha kwamba hata tofauti za kodoni hadi kodoni hupotea: ribosomu huendelea kujongea kidogo dawa ikiwa ndani, na kilele kilichopaswa kuwa kwenye kodoni husambaa kama wimbi upande wa chini wa mRNA.

Tiba ni ya maabara, si ya kompyuta. Gandisha seli haraka kwa naitrojeni ya maji bila dawa, na uitie kwenye bafa ya kuvunjia seli pekee. Ukiwa umepewa data ya zamani iliyotiwa dawa mapema, bado unaweza kulinganisha jumla ya nyayo kwa kila jeni ukiacha kodoni za mwanzo, lakini uchambuzi wa kodoni mojamoja kwenye hamira iliyotiwa dawa mapema mimi nisingeuchapisha.

Hata hivyo, usitupe kila mrundikano wa mwanzo. Mwaka 2013 makundi mawili, la Shalgi na la Liu, yaliripoti kwamba joto kali na mkazo unaoharibu kukunjika kwa protini hufanya ribosomu za mamalia zisimame karibu na kodoni ya 65. Hapo ndipo mnyororo mpya umeanza kuchomoza kwenye ribosomu kiasi cha kuhitaji Hsp70, chaperoni (protini inayosaidia nyingine kukunjika), na Hsp70 yote inashughulika kwingine. Mrundikano huo una mahali pake, nao huhusiana na uwezo wa chaperoni. Ule wa dawa hupungua polepole kuanzia AUG na hufuata kipimo cha dawa. Kipimo kinachotenganisha vizuri ni kuzuia ribosomu mpya kwa haringtonini na kuangalia zilizopo zinaondoka kwa kasi gani. Zilizokwama hazitaondoka.

Dalili: mwanzo wa jeni ni mtupu, mwisho umejaa

Hapa tatizo ni saa. Hesabu zetu karibu zote zinachukulia kwamba mfumo umetulia: zinazoingia ni sawa na zinazotoka. Mkazo unaofyatua vimeng'enya GCN2 au PERK huweka fosfeti kwenye eIF2α, protini ya kuanzisha usomaji wa mRNA, na kuanza kwa usomaji hushuka ghafla. Ribosomu zilizokwisha kupanda huendelea na safari.

Ingolia na wenzake walipima mwaka 2011 kwenye seli shina za panya kasi ya takriban kodoni 5.6 kwa sekunde. Chukua jeni la kodoni 450. Ikiwa kuanza kumezimwa sekunde 40 kabla ya kuvuna, kodoni 220 hivi za mwanzo zitakuwa tupu. Nusu ya pili ina wingi wake wa kawaida, haijabadilika hata kidogo. Lakini ukigawa kila kodoni kwa wastani wa jeni zima, wastani umeshuka karibu nusu, na kila kilele cha nusu ya pili kinaonekana kimeongezeka maradufu. Hakuna ribosomu hata moja iliyopunguza mwendo.

Chora wastani wa jeni zote, ndefu na fupi zikitengwa, ukianzia AUG. Ukiona ukingo unaoangukia kwenye kodoni ileile bila kujali urefu wa jeni, hiyo ni safari ya kuondoka. Gawa kwa wastani wa eneo la jirani, tuseme kodoni 50 kila upande, badala ya jeni zima. Na ukiweza, chukua sampuli nyingine baada ya dakika kadhaa zaidi, mfumo ukishatulia.

Dalili: kodoni ulizotarajia zikwame hazionyeshi kitu

Hili ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu matokeo tupu huchukuliwa kuwa jibu. Mara nyingi ni ukubwa wa vipande uliochaguliwa ulioificha ishara.

Ribosomu ya yukariyoti yenye tRNA kwenye tovuti ya A hukinga nukleotidi 28 hivi. Tovuti ya A ikiwa wazi, ribosomu hukaa kwa umbo lingine na RNase I hukata ndani zaidi, unyayo ukibaki na nukleotidi 21 hivi. Sasa fikiria mkazo wenyewe: asidi amino imekosekana, tRNA zake hazina mzigo, tovuti ya A inasubiri. Ribosomu hizo hasa ndizo zinazoacha nyayo za 21. Itifaki inayokata jeli kuanzia 28 imezitupa kabla hujawasha kompyuta. Ukiwa na nafasi ya kurudia, kata kuanzia 18 hadi 34, kisha chambua 21 na 28 kama makundi mawili. Mgawanyo huo pia unakuambia hatua iliyokwama: 21 zikiongezeka kwenye kodoni fulani, ribosomu inasubiri tRNA, 28 zikiongezeka kila mahali, angalia uhamaji (ribosomu kusonga kodoni moja mbele), kwa mfano eEF2, protini inayousukuma, ikiwa imewekewa fosfeti.

Kuna ukubwa wa pili unaopotea. Ribosomu ikikwama kwa muda mrefu, ya nyuma huigonga, na RNase I haipati nafasi ya kupita katikati yao. Jozi hiyo hukinga takriban nukleotidi 60. Kukwama kukali zaidi kwaweza basi kuonekana kama upungufu kwenye data ya nyayo moja moja. Maktaba ya jozi ni kazi ya ziada, ila kwa swali la kukwama naiona ni ya lazima.

Jambo jingine ni foleni yenyewe. Mwaka 1968 MacDonald, Gibbs na Pipkin walitunga modeli ya chembe zinazosonga kwenye mstari mmoja bila kupitana, nayo bado ndiyo msingi wa uigaji wa ribosomu. Kila ribosomu hufunika kodoni 10 hivi. Foleni hutokea tu pale zinazoingia ni nyingi kuliko zinazoweza kupita sehemu nyembamba. Mkazo ukipunguza kuanza kwa mara nne na kurefusha kusubiri kwa mara mbili, foleni inaweza kutoweka ingawa kodoni imekuwa ngumu zaidi. Iga hali hiyo kwa viwango vyako kabla ya kusema hakuna kukwama. Ni mistari michache ya programu, na itakuambia kama data yako ingeweza kuona unachokitafuta.

Darnell na wenzake waliripoti mwaka 2018 kwamba seli za binadamu zilizonyimwa arginini zilionyesha kukwama kwenye kodoni mbili tu za arginini, CGC na CGU, huku kunyimwa lusini kusionyeshe hivyo. Kwa hiyo usitarajie kodoni zote za asidi moja zitende sawa. Zichambue mojamoja.

Na kama maktaba yako ilitengenezwa kwa kuongeza mkia wa A, kumbuka kwamba programu ya kusafisha hukata A zote za mwisho, zikiwemo zile za kodoni AAA. Nyayo za misururu ya laisini hufupishwa na kutupwa kwa kuwa fupi.

Dalili: bakteria wanakwama kwenye serini na glisini ambazo hukuzigusa

Angalia ulivyovuna. Mohammad na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba kuchuja E. coli kabla ya kugandisha huleta vilele hivyo, na walikuwa wameonyesha mwaka 2016 kwamba kukwama kulikodaiwa kwenye mifuatano inayofanana na Shine-Dalgarno (alama ya kuanzia usomaji kwenye mRNA ya bakteria) kulitokana na uchaguzi wa ukubwa wa vipande. Gandisha chupa nzima pamoja na maji yake. Klorafenikoli, dawa ya kusimamisha ribosomu za bakteria, pia iache, maana inachagua asidi amino za kukwamia.

Dalili: vilele ni maelfu, vimetapakaa jenomu nzima

Hii ni takwimu. Alama ya kukwama ni nyayo za kodoni zikigawanywa kwa wastani wa jeni. Chukua jeni la kodoni 300 lenye nyayo 60: wastani ni 0.2 kwa kodoni. Kodoni ikipata nyayo tatu tu, alama yake ni 15, na wengi wameweka mpaka kwenye 10. Kwa usambazaji wa Poisson (kanuni ya kuhesabu matukio ya nasibu), uwezekano wa kodoni moja kupata tatu au zaidi ni kama 0.00115. Zidisha kwa kodoni 300, unapata 0.34: jeni moja kati ya tatu za namna hiyo litakuwa na "kukwama" kwa bahati tupu. Data halisi hutawanyika kuliko Poisson, kwa hiyo hali ni mbaya zaidi ya hapo. Na kwa kuwa mkazo hupunguza nyayo za jeni nyingi, sampuli ya mkazo itaonyesha vilele vingi zaidi bila sababu nyingine yoyote.

Punguza kwa nasibu nyayo za kila jeni kwenye sampuli yenye nyingi hadi zilingane na zile chache, kisha ndipo ulinganishe. Weka kiwango cha chini, angalau unyayo mmoja kwa kodoni kwa wastani. Dai kilele kionekane kwenye kila rudio la jaribio, si kwenye data iliyochanganywa. Ukichora wastani wa jeni nyingi, lipe kila jeni uzito sawa, la sivyo jeni moja lenye nyayo nyingi litaongea kwa niaba ya zote.

Dalili: hakuna kilichobadilika, lakini protini mpya zimeshuka sana

Kila kipande kilichosomwa ni sehemu ya jumla. Ribosomu zote zikipunguza mwendo kwa mara tatu sawasawa, grafu haitatikisika. Unahitaji kipimo cha nje: RNA ya kiasi kinachojulikana, au seli za spishi nyingine zilizochanganywa kabla ya kuvunja. Nyayo za ribosomu za mitokondria zimetumika pia kama kipimo cha ndani, na zinafaa pale mkazo usipoigusa mitokondria. Kwa mkazo wa oksidisho nisingezitegemea.

Kilele kimepita vyote hivi

Sasa kitoe kwenye kompyuta. Weka mfuatano wenyewe kati ya protini mbili zinazong'aa kwa rangi tofauti, kila upande ukitenganishwa na P2A (mfuatano unaoziachanisha protini zinapotengenezwa), na upime uwiano wa ya pili kwa ya kwanza kwenye seli zilizo kwenye mkazo na zisizo nao. Msururu wa laisini 20 za AAA ufanye kazi ya kulinganishia: uwiano wake lazima ushuke. Rudia kwenye seli zisizo na ZNF598, protini inayotambua ribosomu zilizogongana na kuanzisha kuzibomoa; kukwama kwa kugongana kukiwa ndiko chanzo, uwiano utapanda tena kwa sehemu. Ukishuka kwa msururu wa laisini na usishuke kwa mfuatano wako, rudi kwenye rundo la nyayo za mahali hapo na uzipime ncha zake upya, urefu kwa urefu.